Ubongo una breki zake za hofu

BANGI inapotajwa mjini Kisumu, watu wengi hufikiria mambo mawili: moshi na polisi. Wengine huiita njaga, na kila mtaa una majina yake ya kijiweni. Ni wachache wanaojua kwamba ubongo wa kila mwanadamu, awe askofu, mvuvi au mtoto wa chekechea, hutengeneza kemikali zake wenyewe zinazopitia milango ile ile ambayo moshi wa bangi huiingilia.

Kemikali hizo hazimlevyi mtu. Kazi yake ni kumsaidia kuhimili hofu, hasira na huzuni, kisha kumrudisha katika hali ya kawaida baada ya taabu kupita. Zinapofanya kazi vizuri hatuna habari nazo. Zinapozidiwa ndipo mtu hukosa usingizi, hushtuka ovyo, moyo humwenda mbio bila sababu na hata mambo madogo ya nyumbani humshinda.

Jambo hili linawahusu sana wakazi wa ufuo wa Ziwa Victoria. Kwanza, huku kuna mengi ya kumtia mtu wasiwasi: mvuvi asiyejua kama atarudi na samaki, mama anayedaiwa karo na kodi ya nyumba, familia zilizofukuzwa na mafuriko ya mwaka wa 2020 kule Nyando, Budalang'i na hata hapa Dunga. Pili, vijana wengi huvuta bangi wakisema inawaondolea mawazo. Je, wanasema kweli? Na kama ni kweli, kwa nini madaktari wanawakataza? Ili kujibu maswali hayo, ni lazima kwanza tuelewe ubongo unavyojituliza wenyewe.

Kufuli kabla ya ufunguo

Mnamo mwaka wa 1964 wanasayansi wawili nchini Israeli, Raphael Mechoulam na Yechiel Gaoni, walifaulu kuitenga kemikali inayolevya katika bangi. Kemikali hiyo hujulikana kwa kifupi kama THC. Mechoulam, aliyefariki mwaka wa 2023, alipenda kusimulia jinsi polisi walivyompa kilo 5 za hashishi za kufanyia utafiti, naye akazibeba ndani ya basi huku abiria wakishangazwa na harufu.

Hata hivyo, hakuna aliyejua THC inafanya nini hasa ikishafika kichwani. Jibu lilianza kupatikana mwaka wa 1988, wakati Allyn Howlett na William Devane wa mji wa Saint Louis, Marekani, walipoonyesha kwamba seli za ubongo zina vipokezi maalumu vinavyoipokea. Kipokezi ni kama kufuli iliyo juu ya ngozi ya seli. Kemikali ndiyo ufunguo. Kufuli hiyo ilipewa jina CB1. Nyingine, CB2, ambayo hupatikana zaidi katika seli za kinga ya mwili, ilijulikana mwaka wa 1993.

Ndipo swali kubwa lilipozuka. Fundi haweki kufuli mlangoni bila kuwa na ufunguo wake. Haikuingia akilini kwamba mwanadamu azaliwe na mamilioni ya kufuli kichwani akisubiri tu siku atakayokutana na mmea fulani shambani. Ilikuwa lazima mwili wenyewe uwe na ufunguo.

Ufunguo huo ulipatikana mwaka wa 1992 katika ubongo wa nguruwe. Devane, akishirikiana na mwanakemia Mcheki Lumír Hanuš katika maabara ya Mechoulam mjini Jerusalem, aliutenga na kuupa jina anandamidi, kutokana na neno ananda la Kisanskriti lenye maana ya furaha kuu. Neno bangi nalo lina asili yake huko huko Bara Hindi, na lilifika kwetu kwa njia ya bahari. Mwaka wa 1995 ulitambuliwa ufunguo wa pili, unaoitwa kwa kifupi 2-AG. Kufuli hizi, funguo hizi na vimeng'enya vinavyozitengeneza na kuzivunja ndivyo kwa pamoja huitwa mfumo wa kanabinoidi za mwili.

Ujumbe unaorudi nyuma

Seli za ubongo huzungumza kwa kurushiana kemikali. Seli ya kwanza hutoa ujumbe, ya pili huupokea na kuupeleka mbele. Kwa muda mrefu iliaminika kwamba mazungumzo hayo huenda upande mmoja tu. Mwaka wa 2001 makundi kadhaa ya watafiti nchini Marekani na Japani yalionyesha kwamba kanabinoidi za mwili huenda kinyume: hutoka kwa mpokeaji na kurudi kwa mtoaji, zikimwambia apunguze.

Fikiria matatu inayotoka kituo cha Kisumu kuelekea Kondele. Dereva ndiye anayeendesha, lakini kondakta aliye mlangoni akigonga bodi mara mbili, dereva hupunguza mwendo. Anandamidi na 2-AG ndizo kondakta wa ubongo. Haziendeshi gari. Hugonga tu bodi pale seli inapopokea ujumbe kupita kiasi.

Jambo lingine la kuzingatia ni kwamba kemikali hizi haziwekwi ghalani. Hutengenezwa papo hapo kutokana na mafuta yaliyo katika ngozi ya seli, pale tu zinapohitajika, na baada ya muda mfupi huvunjwavunjwa na vimeng'enya. Kila mgongo wa bodi una mahali pake na wakati wake. Tutaona baadaye kwamba hapa ndipo bangi inapokosana na ubongo.

Kufuli za CB1 ni nyingi sana katika sehemu za ubongo zinazohusika na hisia na kumbukumbu. Mojawapo ni amigdala, kijisehemu chenye umbo la lozi kilicho ndani ya kichwa karibu usawa wa masikio, ambacho ndicho king'ora cha hofu. Nyingine ni sehemu ya mbele nyuma ya paji la uso, ambapo tunapima mambo na kujizuia. Kufuli hizo ni chache mno katika shina la ubongo linaloendesha pumzi. Ndiyo sababu bangi haikati pumzi kama inavyofanya heroini.

Usiku wa dhoruba ziwani

Wavuvi wa omena hufanya kazi usiku, hasa wakati hakuna mbalamwezi, wakiwavuta samaki kwa mwanga wa taa. Tuseme upepo unageuka ghafla na mawimbi kuanza kuipiga mashua. Katika nukta chache amigdala ya mvuvi hupiga king'ora. Ujumbe hufika katika haipothalamasi chini ya ubongo, kisha katika tezi ndogo iliyo hapo karibu, na hatimaye katika tezi zilizo juu ya figo. Tezi hizo humwaga adrenalini na homoni ya kotisoli katika damu. Moyo hupiga kwa kasi, misuli hukazana, macho hufunguka na usingizi huruka.

Hofu ya namna hiyo si ugonjwa. Ndiyo inayomwokoa. Mvuvi asiyeogopa dhoruba hazeeki.

Katika siku za kawaida, anandamidi huwa pale kwenye amigdala ikikishikilia king'ora kisilie kwa kila mtikisiko. Uchunguzi uliofanywa kwa panya umeonyesha kwamba hatari inapotokea, kimeng'enya kinachovunja anandamidi huongeza kasi, kiasi cha anandamidi hushuka na king'ora hupata nafasi ya kulia. Hiyo ni hatua ya kwanza.

Hatua ya pili ni ya kushangaza zaidi. Kotisoli ile ile inayosambazwa na hofu hurudi hadi kwenye ubongo na kuusukuma utengeneze 2-AG. Nayo 2-AG hugonga bodi: basi, yatosha. King'ora hunyamaza na kotisoli hupungua. Kwa maneno mengine, hofu huja ikiwa imebeba breki zake yenyewe. Mvuvi akifika ufuoni, akafunga mashua na kunywa chai, baada ya saa moja au mbili mwili wake huwa umetulia.

Breki zinapochakaa

Taabu huanza wakati dhoruba haiishi. Deni la leo hufuatwa na la kesho. Mwanamke anayenunua samaki ufuoni hulazimika kuingia katika uhusiano wa jaboya na mvuvi ili apate samaki wa kuuza, na kila alfajiri huamka na hofu ya ugonjwa na aibu. Kijana hukaa nyumbani miaka mitatu akisubiri kazi. Kwa Dholuo hali hii huitwa parruok, yaani kuzama katika mawazo. Watu huisema kana kwamba ni tabia ya mtu. Ukweli ni kwamba mwili nao unahusika.

Katika wanyama waliowekwa kwenye mashaka kwa wiki nyingi, watafiti wameona anandamidi ikibaki chini muda wote na idadi ya kufuli za CB1 ikipungua katika baadhi ya sehemu za ubongo. King'ora hulia kwa jambo dogo na huchelewa kunyamaza. Wanyama hao huacha kucheza, huacha kufurahia vitu vitamu na hujikunyata pembeni. Mtu yeyote aliyewahi kuishi na mgonjwa wa mfadhaiko ataitambua picha hiyo.

Bila shaka mwanadamu si panya. Lakini ushahidi kwamba mfumo huu unagusa hisia za mwanadamu ulipatikana kwa njia ya kusikitisha. Mwaka wa 2006 nchi za Ulaya ziliruhusu dawa ya kupunguza unene iitwayo rimonabant, iliyouzwa kwa jina la Acomplia. Dawa hiyo iliziba kufuli za CB1 ili kupunguza hamu ya chakula. Watu walikonda kweli. Lakini baadhi yao, waliokuwa wazima wa akili, waliingiwa na wasiwasi na huzuni kubwa, na wengine wakaanza kufikiria kujiua. Mwaka wa 2008 dawa hiyo iliondolewa madukani. Ukizifunga breki, gari halisimami.

Upande wa pili wa shilingi ulionekana mwaka wa 2019, wakati madaktari wa Uingereza walipoeleza habari za mwanamke mmoja Mskoti mwenye umri wa zaidi ya miaka 70. Kutokana na hitilafu katika jeni zake, mwili wake huvunja anandamidi polepole sana. Mama huyo hakuwa na wasiwasi hata kidogo, hakuhisi uchungu wa upasuaji, na vidonda vyake vilipona haraka. Je, ni wa kuonewa wivu? La. Alikuwa msahaulifu, na mara nyingine aligundua kwamba mkono wake unaungua kwa kusikia harufu ya nyama yake. Kutoogopa kabisa na kutoumia kabisa navyo vina hatari yake. Mwili hautaki breki zilizobanwa daima wala zilizoachiliwa daima.

Kusahau hofu

Kazi nyingine ya mfumo huu, na labda iliyo muhimu zaidi kwa watu wa Kisumu, ni kuusaidia ubongo kuelewa kwamba hatari imekwisha.

Mwaka wa 2002 watafiti wa Ulaya walichapisha uchunguzi kuhusu panya waliofundishwa kuogopa mlio fulani, kwa sababu kila uliposikika walipigwa na umeme kidogo. Baadaye mlio ulipigwa peke yake, bila umeme. Panya wa kawaida walizoea polepole na kuacha kuogopa. Panya waliozaliwa bila kufuli za CB1 waliendelea kuganda kwa hofu kila waliposikia mlio. Walijifunza kuogopa kama wenzao, lakini walishindwa kujifunza kutoogopa.

Sasa tufikirie mji huu. Ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007 ziliacha maduka ya Kisumu yakiwa majivu na watu wengi wakiwa wamepigwa risasi. Wapo wakazi ambao hadi leo gurudumu la lori likipasuka hujitupa chini. Msimu wa uchaguzi ukikaribia, hufunga virago na kuwapeleka watoto mashambani, hata kama mtaa umetulia. Majirani huwacheka. Si haki kuwacheka. Akili zao zinajua kuwa mwaka umepita, ila king'ora hakijapata habari.

Hali hiyo madaktari huiita kiwewe. Uchunguzi uliochapishwa mwaka wa 2013 kuhusu watu waliokuwa karibu na majumba ya World Trade Center mjini New York yaliposhambuliwa Septemba 2001 ulionyesha kwamba wale waliopatwa na kiwewe walikuwa na 2-AG kidogo katika damu kuliko wenzao walioyaona mambo yale yale lakini wakapona. Na mwaka wa 2020, watafiti nchini Uswidi waliwapa watu wenye afya dawa inayozuia anandamidi isivunjwe, kwa siku 10. Watu hao waliweza kukumbuka vizuri zaidi kwamba kitu walichofundishwa kukiogopa hakina hatari tena.

Je, kuna vidonge vya namna hiyo hospitalini? Bado. Dawa kadhaa zimejaribiwa, na moja yao ilileta maafa huko Rennes, Ufaransa, Januari 2016. Mtu mmoja aliyejitolea alifariki na wengine wakalazwa. Wataalamu walihitimisha kwamba dawa hiyo iligusa pia vimeng'enya vingine visivyohusika. Tangu hapo watafiti wanakwenda kwa uangalifu mkubwa.

Kwa bahati nzuri, kuna njia nyingine ya kuufundisha ubongo usiogope, na imethibitishwa papa hapa Kisumu. Mwaka wa 2021 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliohusisha wanawake 256 wanaoishi na virusi vya ukimwi, waliokuwa na mfadhaiko na kiwewe na waliokuwa wamedhulumiwa na wapenzi wao. Nusu yao walipewa vikao 12 vya mazungumzo ya tiba, kimoja kila wiki, pamoja na matibabu yao ya kawaida. Waliowaongoza hawakuwa madaktari wa akili bali watu wa kawaida waliopewa mafunzo. Baada ya miezi mitatu, wanawake hao walikuwa na nafuu kubwa ya mfadhaiko na ya kiwewe kuliko wale waliopata matibabu ya kawaida peke yake.

Utafiti huo haukuwa wa kupima kemikali za ubongo. Lakini unatufundisha jambo moja kubwa: ubongo uliojeruhiwa na hofu unaweza kujifunza upya, na mwalimu wake anaweza kuwa binadamu mwenzake aliyefunzwa kusikiliza.

Basi bangi si dawa?

Hapo ndipo kijana wa kijiweni huuliza: kama ubongo una kanabinoidi zake na zangu zimepungua, kwa nini nisijiongezee?

Swali lake si la kipumbavu, na ni kweli kwamba wengi wanaovuta huhisi wametulia kwa muda. Lakini kuna tofauti tatu.

Ya kwanza ni mahali. Anandamidi hutengenezwa katika seli inayohitaji, kisha huondolewa. THC huenea ubongo mzima kwa saa kadhaa na kuzifungua kufuli zote kwa pamoja, zile za hofu, za kumbukumbu, za mwendo na za njaa. Ni kama kondakta wa kila matatu mjini wagonge bodi kwa wakati mmoja.

Ya pili ni kipimo. Mwaka wa 2017 watafiti wa Chicago waliwapa watu 42 THC au kidonge kitupu kabla ya kuwatia katika mtihani wa kuzungumza mbele ya watu. Waliopewa miligramu 7.5 walipungukiwa na wasiwasi. Waliopewa miligramu 12.5 waliona mtihani kuwa mgumu na wa kutisha zaidi. Tofauti kati ya kutulia na kutishika ilikuwa miligramu 5 tu. Msokoto unaouzwa uchochoroni hauna kipimo wala lebo. Anayeuvuta hajui amebeba dozi gani.

Ya tatu ni mazoea. Kufuli zinazofunguliwa kwa nguvu kila siku hupunguzwa na ubongo wenyewe. Picha za ubongo za watu wanaovuta kila siku, zilizochapishwa mwaka wa 2012, zilionyesha upungufu wa kufuli za CB1. Mvutaji hujikuta na breki dhaifu kuliko alizokuwa nazo kabla ya kuanza. Akikosa bangi siku mbili, huwa mwepesi wa hasira, hukosa usingizi na wasiwasi humrudia. Naye husema: “Mnaona? Bila hii siwezi kuishi.” Kumbe anachotibu sasa ni jeraha la dawa yenyewe.

Habari njema ni kwamba uchunguzi ule ule ulionyesha kufuli zikirudi karibu na hali ya kawaida baada ya takriban wiki 4 za kuacha. Ubongo husamehe, ukipewa nafasi.

Hatari ni kubwa zaidi kwa vijana, kwa kuwa ubongo huendelea kukomaa hadi mtu anapopita miaka 20 na kitu. Uchunguzi uliofanywa katika miji ya Ulaya na mmoja wa Brazil, uliochapishwa mwaka wa 2019, ulionyesha kwamba wanaovuta kila siku walikuwa na uwezekano mara tatu zaidi wa kupatwa na wazimu kuliko wasiovuta kabisa, na karibu mara tano kwa wale wanaotumia bangi kali. Hapa Kenya, uchunguzi wa mamlaka ya NACADA wa mwaka wa 2022 ulikadiria kwamba watu wapatao 519,000 wa umri wa miaka 15 hadi 65 wanatumia bangi. Mbali na afya, sheria ya mwaka wa 1994 kuhusu dawa za kulevya inaipiga marufuku, na wasiwasi wa kukamatwa nao ni wasiwasi.

Njia za kuzitunza breki

Je, msomaji afanye nini ili mfumo wake ufanye kazi vizuri? Wataalamu wanataja mambo kadhaa, yasiyohitaji pesa nyingi.

Mazoezi. Mwaka wa 2003 watafiti wa Marekani waliwachunguza wanafunzi waliokimbia au kuendesha baiskeli kwa kasi ya wastani kwa muda wa dakika 50. Wote wa makundi hayo mawili walipandisha anandamidi katika damu, tofauti na waliokaa tu. Zamani raha ya wakimbiaji ilidhaniwa kuletwa na endofini, kemikali za mwili zinazofanana na afyuni. Lakini uchunguzi wa mwaka wa 2021 nchini Ujerumani ulionyesha kwamba hata endofini zikizuiwa kwa dawa, raha hiyo huja vile vile. Si lazima uwe bingwa. Mwendo unaokutoa jasho huku ukiweza bado kuzungumza kidogo unatosha. Kwa anayeendesha baiskeli kwenda kazini au kuvuta nyavu, sehemu ya kazi hiyo ameshaifanya. Anayekaa ofisini mchana kutwa ndiye wa kujitafutia nafasi.

Usingizi. Anayelala saa nne usiku wa leo na saa nane usiku wa kesho huuchanganya mwili usijue saa ya kupandisha kotisoli na saa ya kuishusha. Jaribu kulala na kuamka saa zile zile. Kwa wanaofanya kazi usiku kama wavuvi, chumba chenye giza mchana ni sehemu ya tiba.

Chakula. Anandamidi na 2-AG hutengenezwa kutokana na mafuta tunayokula. Mwaka wa 2011 watafiti wa Ufaransa waligundua kwamba panya walionyimwa mafuta ya aina ya omega-3 walipoteza uwezo wa breki hizi kufanya kazi katika sehemu za ubongo zinazohusika na hisia. Mafuta hayo yamo katika samaki, wakiwemo omena. Hakuna anayedai kwamba sahani ya omena itaponya mfadhaiko. Lakini aliye kando ya ziwa na kuacha omena kwa kudhani ni chakula cha maskini, huku akinunua chipsi kila jioni, anajipunja.

Watu. Mtu aliyejifungia peke yake huwa na king'ora chepesi zaidi. Kwaya, chama cha akina mama, timu ya mpira, au hata rafiki mmoja wa kweli ni kinga. Usione haya kusema, “Nimelemewa.”

Pombe ya kusahau shida haimo katika orodha hii. Humlaza mtu haraka na kumwamsha saa tisa usiku akiwa na mawazo yale yale, na sasa kichwa kinamuuma.

Wakati wa kwenda hospitalini

Mazoezi na marafiki havitoshi kwa kila mtu, na anayeshindwa si mvivu wala hakupungukiwa na imani. Nenda kituo cha afya ikiwa kwa zaidi ya wiki mbili umekuwa na huzuni isiyokwisha, umepoteza hamu ya mambo uliyoyapenda, hulali au unalala kupita kiasi, au unashtuka na kuota yale yale yaliyokupata zamani. Mpeleke haraka mtu anayesikia sauti ambazo wengine hawazisikii, au anayeamini kwamba kila mtu anamwinda, hasa akiwa kijana anayevuta bangi.

Anayetaja kutaka kufa asikemewe wala asiachwe peke yake. Wengi waliogopa kusema kwa sababu kujaribu kujiua kulihesabiwa kuwa kosa la jinai. Januari 2025 Mahakama Kuu ilitangaza kwamba kifungu hicho cha sheria kinakiuka Katiba. Mtu huyo ni mgonjwa, na mahali pake ni hospitalini.

Mjini Kisumu, huduma za magonjwa ya akili zinapatikana katika Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Jaramogi Oginga Odinga, ile ambayo wakazi huiita Russia. Anayetaka msaada wa kuacha bangi au pombe anaweza kupiga simu bila malipo kwa nambari 1192 ya NACADA. Akiuliza muuguzi wa kituo kilicho karibu naye, ataelekezwa pia kwa mshauri.

Na ukimwona jirani anayeshtuka gurudumu likipasuka, kaa naye kidogo. Usimwambie asahau. Mwulize ameshindaje, kisha usikilize hadi amalize.